Kufuta na Kuachilia

Diski ya kompyuta ikijaa bila sababu ya wazi, fundi mzoefu huanza kwa kulinganisha hesabu mbili. Ya kwanza huipata kwa kuiuliza diski yenyewe imetumika kiasi gani. Ya pili huipata kwa kupita folda moja baada ya nyingine, akijumlisha ukubwa wa kila faili lenye jina. Kwenye Linux kila hesabu ina amri yake, df na du, na siku za kawaida majibu yao hukaribiana. Fumbo huanza pale df inaposema diski imejaa pomoni huku du ikisema nusu nzima iko tupu. Kuna kitu kinachokula nafasi na hakimo kwenye orodha yoyote. Mwenye kompyuta amefuta picha, amefuta video za kwaya, amemwaga pipa la taka, na bado mashine inakataa kuhifadhi hata barua ya ukurasa mmoja.

Sababu nyingi za tofauti kama hiyo ni za kawaida. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, Windows huihesabu kuwa zaidi ya hapo kidogo, ndiyo maana diski iliyoandikwa gigabaiti 500 huonyesha kama 465 tu siku ya kwanza. Windows pia hujiwekea mafaili makubwa isiyoyaonyesha: la kulaza mashine, la kuongezea memori, na nakala za kurejesha mfumo; tena huacha folda ya Windows.old baada ya toleo jipya kuingia. Flashi iliyopita kwenye saiba yenye virusi huonekana tupu ilhali imejaa, kwa kuwa virusi vimeyaficha mafaili ya mwenyewe na kuacha njia za mkato za uongo mahali pake. Hayo yote fundi huyamaliza kwa hesabu au kwa kufichua kilichofichwa. Iko sababu nyingine ambayo kufichua hakuisaidii, na hiyo ndiyo inayostahili kufikiriwa kwa muda mrefu.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, faili na jina lake ni vitu viwili. Jina limeandikwa kwenye orodha ya folda. Faili lenyewe lina namba yake, vipande vyake kwenye diski, na hesabu ya majina yanayoelekeza kwake. Ukifuta, unaondoa jina. Nafasi hurudi pale tu masharti mawili yanapotimia pamoja: hakuna jina lililobaki, na hakuna programu inayoendelea kulishikilia faili lile. Programu ya seva iliyolifungua faili la kumbukumbu za kazi zake mwezi uliopita huendelea kuliandika hata baada ya msimamizi kulifuta. Sasa faili hilo halionekani katika folda yoyote. Huwezi hata kulifuta mara ya pili, maana halina jina la kulitajia. Nalo linazidi kunenepa usiku na mchana mpaka mashine nzima inasimama. Tiba ni kuitafuta programu inayolishikilia, kwa amri iitwayo lsof, na kuifanya ilifunge. Dakika hiyohiyo nafasi hurudi.

Hali hii ya kitu kisicho na jina lakini bado kimeshikiliwa inanipa njia ya kulijibu swali la kale la dini: kosa likisamehewa, ni nini hasa kinachoondoka? Waumini wengi hujibu kwamba msamaha ni kufuta. Kosa limefutwa, tusilitaje tena, yamekwisha. Mimi nadai kwamba hapo pana vitendo viwili, kuliondoa kosa kwenye orodha na kuliachilia, na kwamba ni cha pili tu kinachostahili kuitwa msamaha. Nadai zaidi: anayefanya cha kwanza bila cha pili huongeza madhara, kwa sababu kosa lililoandikwa linaweza kudaiwa, kupingwa na kulipwa, lakini lililoondolewa kwenye orodha huku bado limeshikiliwa huendelea kula bila mtu kujua pa kuanzia.

Anayeona mfano wa kompyuta ni mwembamba kwa jambo zito namna hii atazame machimbo ya dhahabu ya Osiri, huko Nyatike katika Kaunti ya Migori, Kenya. Hapo, kama katika machimbo mengine ya wachimbaji wadogo karibu na Macalder, mawe yaliyosagwa huoshwa, vumbi lake huchanganywa na zebaki, na zebaki huikumbatia dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Moto ukimaliza kazi, dhahabu imebaki na zebaki haionekani. Kwa macho ya aliyeichoma, imekwisha. Ukweli ni kwamba imekuwa mvuke, na mvuke huo utapoa na kushuka: kwenye mapafu ya aliye karibu, kwenye udongo, na mvua ikinyesha, kwenye vijito vinavyoelekea Ziwa Viktoria. Majini vijidudu huigeuza kuwa aina inayoingia katika samaki, na kutoka samaki huingia katika watoto walio tumboni. Hakuna mtu aliyeificha. Imeondoka machoni tu, wakati ardhi, maji na miili imeendelea kuishikilia. Kompyuta, basi, haikuzua jambo geni. Imelionyesha tu kwa usafi unaoruhusu tulihesabu.

Sasa turudi kwenye dini, na tena si mbali na hapo. Mnamo Novemba 1906, Mkanada Arthur Carscallen na Mmalawi Peter Nyambo walifika Gendia, karibu na Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, wakaanzisha misheni ya Waadventista Wasabato. Mwaka 1913 Carscallen aliweka matbaa ndogo hapohapo. Kanisa hilo leo lina mizizi mirefu katika eneo lote la Nyanza Kusini, na mafundisho yake yana sehemu moja ambayo wakosoaji huiona ngumu kuliko zote. Ni fundisho la hukumu ya upelelezi: kwamba tangu mwaka 1844 Kristo yumo katika awamu ya mwisho ya huduma yake katika patakatifu pa mbinguni, na kwamba kumbukumbu za maisha ya watu zinachunguzwa kabla ya kurudi kwake. Katika maelezo ya Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, mwenye kutubu husamehewa anapotubu, lakini kumbukumbu ya dhambi yake hubaki kwenye vitabu mpaka hukumu hiyo ndipo ifutwe kabisa. Kusamehewa ni tukio moja, kufutwa ni jingine, na katikati yake kunaweza kupita miaka mingi.

Pingamizi dhidi ya fundisho hili lilitoka ndani ya kanisa lenyewe. Mwaka 1979 mwanatheolojia wa Australia, Desmond Ford, alilipinga hadharani akisema halina msingi katika Waraka kwa Waebrania na kwamba linamnyima muumini uhakika wa wokovu. Agosti 1980 kanisa lilimsikiliza katika mkutano wa Glacier View, Colorado, kisha likamvua kibali cha uchungaji. Hoja yake ina uzito. Mtu aliyesamehewa lakini anajua daftari lake bado liko wazi anaweza kuishi kwa hofu maisha yake yote, na hofu si matunda ya msamaha. Sina haja ya kuamua hapa ni nani aliyeusoma vizuri unabii wa Danieli, ambao tarehe ya 1844 imetolewa humo. Ninachosema ni kwamba hofu hiyo inatokana na kudhani kwamba kumbukumbu na deni ni kitu kimoja. Ikiwa deni limeachiliwa, kumbukumbu iliyobaki haimdai mtu chochote. Ni faili lililohifadhiwa ambalo hakuna anayeliandika tena. Na Waadventista wana sababu nzuri ya kufundisha kwamba hutunzwa mpaka mwisho: Mungu anayefuta kumbukumbu kabla ulimwengu haujaona kwamba ametenda haki atabaki na watu wanaonung'unika. Upande huu wa fundisho lao naukubali, hata kama tarehe ya 1844 ina mabishano yake.

Waislamu, ambao Kendu Bay ni mji wao wa siku nyingi pia, wameliweka jambo hili wazi zaidi. Wanazuoni wao hutaja masharti ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Hayo yanatosha ikiwa dhambi ni baina ya mja na Mola wake. Ikihusu haki ya binadamu mwingine, linaongezeka sharti la nne: kumrudishia haki yake au kumwomba aiachilie. Hii ni hatua kubwa ya kifalsafa na haisifiwi inavyostahili. Mwenye rehema zote anasimama, kwa njia ya kusema, nyuma ya mjane aliyeporwa shamba, akingoja mjane aseme neno lake. Aliyepora anaweza kuswali mpaka paji la uso lichubuke. Orodha yake anaweza kuisafisha kwa sadaka na hija. Shamba bado limeshikiliwa na mtu mmoja katika moyo wake, na kwa sharti hili huyo ndiye anayetafutwa.

Wajaluo wa kale nao walilijua jambo hilohilo kwa lugha ya mwili. Mtu aliyevunja mwiko akanyamaza angeweza kushikwa na chira, ugonjwa wa kukonda na kudhoofika ambao dawa za kawaida haziugusi. Tiba yake, manyasi, haikutolewa hivihivi. Ilibidi kwanza kilichovunjwa kijulikane na kutajwa. Kosa lisilotajwa lilifikiriwa kuendelea kufanya kazi ndani ya mwili na ndani ya boma, hata kwa watoto wasiohusika. Lazima niseme hapa kwamba imani hii iligharimu maisha ya watu. Ukimwi ulipoenea, dalili zake zilifanana na chira kiasi kwamba baadhi ya wagonjwa walichelewa kupimwa na kutibiwa wakitafuta mwiko uliovunjwa, na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na virusi hivyo. Kama maelezo ya ugonjwa, chira ni wazo potofu na halitetewi. Kama maelezo ya kinachotokea jamii inapozika jambo ambalo wahusika bado wanalishikilia, linaona mbali.

Msomaji makini atakuwa na pingamizi mkononi. Kompyuta ikikwama, tiba rahisi kuliko zote ni kuizima na kuiwasha upya. Programu zote hufa, kila zilichoshikilia huachiliwa, na nafasi hurudi bila mtu kuhangaika kumtafuta mhusika. Je, muda haufanyi vivyo hivyo kwa wanadamu? Wanaokumbuka watakufa, na kosa litakufa nao. John Mbiti, mwanatheolojia kutoka Kitui, alikuwa na nadharia inayoonekana kuunga mkono wazo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Afrika alisema kwamba aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu wapo watu waliomjua wanaomkumbuka kwa jina. Anapofariki wa mwisho wao, marehemu huzama katika Zamani na kuwa mmoja wa roho zisizo na jina. Nadharia yake ya wakati imekosolewa sana na wanafalsafa wa Kiafrika, na wengi wa wakosoaji hao nakubaliana nao. Lakini katika jambo hili dogo aligusa ukweli: kuwapo kwa mtu kati ya watu hutegemea wanaomshikilia.

Tatizo la pingamizi ni kwamba binadamu haachi mikono mitupu anapokufa. Programu ikifa, mfumo hauirithishi programu nyingine kile ilichokuwa imekishika. Mzazi humrithisha mtoto. Wajaluo humpa mtoto jina la marehemu wa ukoo, na katika desturi ya zamani mtoto aliyelia bila kukoma aliitwa majina ya wahenga moja baada ya jingine mpaka akanyamaza, ndipo jina lililomtuliza likawa lake. Pamoja na jina hupita upendo, wajibu, na pia madai. Mwaka uleule wa kitabu cha Mbiti unatosha kuwa ushahidi. Julai 5, 1969 waziri Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi, akazikwa Rusinga, kisiwa cha wazazi wake ambacho leo kimo Homa Bay. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwaka huohuo. Faili la mahakama likafungwa. Swali la nani aliyemtuma halikupata jibu mahakamani. Oktoba 25 Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ghasia zikazuka, na walinzi wake wakaufyatulia umati risasi. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Wenyeji hawajawahi kuiamini hesabu hiyo. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku na kiongozi wake, Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Kwa miongo mingi matukio haya hayakuwa na nafasi ya maana katika masimulizi rasmi ya taifa. Hata hivyo kijana wa Nyatike au wa Mbita aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anayataja kama aliyeyaona, na hukumbuka mpangilio wake kila uchaguzi unapokaribia. Waliokuwepo wamekufa kwa wingi. Kilichoshikiliwa hakijapungua.

Kwa hiyo pale viongozi wa siasa na wa dini walipowaambia Wakenya baada ya uchaguzi wa 2013 wakubali yaishe na wasonge mbele, walikuwa wanafuta majina kwenye folda. Hata waliosema hivyo kwa nia njema, na naamini walikuwepo, walishangaa baadaye kuona hasira iko palepale bila chanzo kinachoonekana. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 21, 2013. Ilikuwa orodha ya dhuluma, ndefu na yenye kasoro zake, lakini orodha. Ilipelekwa Bungeni na Bunge hilo halikuipitisha. Machi 2015 Rais aliomba msamaha hadharani kwa niaba ya serikali kwa makosa ya awali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Kuomba msamaha kulikuwa tendo jema na sitalidharau. Lakini bila ripoti kupitishwa na bila fedha kuwafikia waliotajwa, msamaha huo uliombwa na mtu asiyejua anamwomba nani, kwa ajili ya nini hasa.

Lipo pingamizi gumu zaidi, nami nalichukulia kuwa muhimu kuliko yote. Nikisema kwamba hakuna msamaha mpaka anayeshikilia aachilie, je, simtwishi mzigo aliyeumizwa? Mjane atalala na kosa la mwingine kifuani, kisha tumwambie kwamba amani ya kijiji inamngoja yeye. Wahubiri wengi hufanya hivyo kweli, na ni ukatili. Jibu limo katika namna programu inavyoshikilia faili. Hailishikilii kwa ukaidi. Inalishikilia kwa sababu kazi yake haijakwisha. Bado kuna kitu cha kuandika humo. Vivyo hivyo watu huendelea kushika kwa sababu ya jambo ambalo halijakamilika: mwili ambao haujazikwa, jina la aliyetoa amri, hati ya shamba, neno la kukiri kutoka kinywa kilekile kilichotukana. Mzigo wa kukamilisha hayo ni wa mkosaji na wa serikali iliyomlinda. Yakikamilika, mara nyingi mkono hufunguka wenyewe bila mahubiri. Na akiwepo anayelipwa yote, akaombwa kwa heshima, kisha akakataa kuachilia kwa kuwa ameizoea hasira yake, huyo ndiye anayehitaji mahubiri, na kwake maneno makali ya dini zote mbili kuhusu asiyesamehe yana mahali pake. Kumpelekea maneno hayo mtu ambaye bado anadai ni kumuumiza mara ya pili.

Sitaki kusomeka kana kwamba nataka kila kitu kikumbukwe milele. Mtu aliyeiba kuku akiwa na miaka 15 ana haki ya kuzeeka bila kuitwa mwizi, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 imempa raia haki ya kudai taarifa zisizo sahihi au zisizohitajika tena kumhusu zirekebishwe au zifutwe. Kufuta ni jema likija mwisho, baada ya kuachilia, kama fundi anayeondoa faili ambalo hakuna tena anayelitumia. Mpangilio huo ukigeuzwa, kufuta kukitangulia, ndipo diski inapojaa bila maelezo.

Wazee wa kanisa, maimamu na wazee wa koo wanaokaa kusuluhisha watu kutoka Osiri hadi Kendu Bay wana mamlaka ambayo wabunge hawana: watu huwaletea kesi kwa hiari yao. Nawaomba jambo moja. Kabla hamjatangaza kwamba kesi imekwisha, muulizeni aliyekosewa, mbele ya aliyemkosea, ni kitu gani bado anangoja, na mkiandike. Nao wabunge wa Migori na Homa Bay wanaweza kudai ripoti ya 2013 irudishwe mbele ya Bunge ijadiliwe ukurasa kwa ukurasa. Baadhi ya waathiriwa waliotoa ushahidi mbele ya tume hiyo bado wako hai.